Ombi la Kurudishiwa Harufu ya Mabwawa, Kata ya Mosetlheng

Kwa Mkuu wa Kitengo cha Uhusiano na Jamii,
Shirika la Majitaka.

Rra Mheshimiwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mabwawa yako mazima. Hilo la mabwawa kuwa mazima ndilo lililonishikisha kalamu.

Mimi ni Keoagile Mothobi, mwenyekiti wa Kamati ya Wananchi Wanaosumbuliwa na Majitaka, kamati mliyoiunda wenyewe na kuigawia fulana. Kwa miaka sita mabwawa yenu yalinuka, sisi tukalalamika, ninyi mkaja kuomba radhi. Kila mtu alijua kazi yake. Mwezi wa nane mkafunga mitambo mipya, harufu ikakatika ghafla, wala hamkutushirikisha. Malalamiko yetu ni haya:

1. Mikutano imekufa. Zamani upepo ukigeuka tu, Kgosi, chifu wetu, alishika pua, akapiga simu, na Alhamisi yake Mma Ntsima, yule mama afisa wenu wa uhusiano, alikuwa amesimama kgotlani, barazani kwa chifu, na kipaza sauti chake, mabango yake, na nyama ya ng'ombe mzima nyuma ya gari. Siku hizi Kgosi anatoka nje, anavuta hewa, anatabasamu, anarudi ndani. Jamani, tutakutana kwa lipi?

2. Elimu imeachwa njiani. Mma Ntsima alitufundisha visivyotakiwa kutupwa chooni: nepi, matambara, mafuta ya kukaangia, hata uji uliolala. Akaahidi kwamba kikao kinachofuata atatueleza maji yanakwenda wapi yakishatoka bwawa la tatu. Kikao hicho hakikuja. Watu wazima na ndevu zetu tumetelekezwa bwawa la tatu! Mzee Tshenolo ameapa hafi mpaka ajibiwe. Ana miaka tisini na mbili. Mnamchelewesha.

3. Amani imevunjika. Mma Seipone na Rra Moatlhodi hawasalimiani tangu mbuzi wa huyu ale kabichi za yule. Lakini mkutanoni walikuwa wakiweka viti vyao bega kwa bega, kwa sababu wote wawili walikuwa wakiwasema ninyi. "Hawa watu hawana haya!" anaanza Mma Seipone. "Hata chembe, mma, hata chembe!" anadakia Rra Moatlhodi, na kumpisha kivulini. Sasa ninyi hamna kosa, wamegeukiana. Juzi zimerushwa ndoo. Shirika linalojali jamii haliwezi kuwanyima watu mtu wa kumlaumu.

4. Hili ni langu binafsi na sioni aibu kulisema. Mpishi wa seswaa katika mikutano yote nilikuwa mimi. Nachemsha ile nyama kwa chumvi tu, kisha naitwanga humo humo chunguni mpaka inachambuka, huku wanaume wamenizunguka wakinitania: "Twanga, Rra! Mbona unaibembeleza?" Tangu mke wangu afariki, hizo ndizo siku pekee nilizokuwa nakula na watu. Halafu Mma Ntsima ananipigia simu, sauti imejaa furaha: "Rra, tumeshinda!" Nikamuuliza, mmemshinda nani. Akacheka. Mimi sikucheka.

Kwa hiyo tunaomba mturudishie harufu. Hatutaki makuu. Iwe mara moja kila miezi mitatu, ianze Jumatatu ili Alhamisi tuwe tayari, isiwe kali ya kuwaliza watoto bali ya kumtosha Kgosi. Ikiwa mafundi wenu wanaona uchungu kuharibu kazi yao, basi waazime kidogo kijiji cha jirani, ambako ipo tele na hawajui kuitumia.

Mkikataa, kamati imeazimia kujisaidia. Ile orodha ya visivyotupwa chooni tunayo, tumeikariri, na tutaitekeleza kipengele kwa kipengele, tukianzia na nepi. Msije mkasema hatukuelimika.

Wasalimie mafundi, msalimie dereva aliyekuwa akiomba mifupa, wasalimie wote ofisini hata yule msichana wa mapokezi anayenikatia simu.

Wako mwenye kusumbuliwa na kutosumbuliwa,

Keoagile Mothobi
Mwenyekiti

Nyongeza: Mkimtuma fundi kukagua bomba la nyumbani kwangu, asihangaike kulitafuta. Halipo. Natumia choo cha shimo tangu nilipojenga. Na kwa kuwa nakaa huku juu kilimani, hiyo harufu yenyewe sijawahi kuisikia hata siku moja. Nilikuwa naambiwa na wenzangu, nami nakunja uso. Mwambie Mma Ntsima aje tu, hata kama hana la kuomba radhi. Ng'ombe nitachinja mimi.