Kadi Arobaini na Mbili na Kiti Kimoja

Jumatatu, 4 Machi

Daftari jipya, nakusalimu. Mimi niliishia darasa la nne, na tulikuwa tumefika kwenye barua, kwa hiyo sijui maandishi ya siri yanaanzaje. Naanza kama barua. Hujambo? Mimi sijambo isipokuwa miguu. Baba Watoto hajambo, yuko mezani kwake na saa za watu, jicho moja limezibwa na kile kioo chake cha ufundi. Mama mkwe hajambo, angekusalimu kama angejua upo, ila asijue. Binti yetu mkubwa hajambo huko mbali anakosomea uuguzi. Mdogo wake hajambo, amelala na viatu. Paka wa jirani naye hajambo, ametoka hapa sasa hivi na samaki wetu mdomoni. Na Bi Mvuke wa kazini hajambo pia, nimemwona leo akipanda ngazi kwa kukimbia. Mungu amzidishie afya, ila amweke mbali na kile kiti.

Nieleze kiti. Duka letu la udobi lina kiti kimoja tu, cha mpokeaji nguo. Kina mto. Mpokeaji amehama mji, na leo Bosi ametangaza kwamba Jumamosi atapima wanaokitaka. Tunapokea kazi za hoteli sasa, kwa hiyo atakaa yule anayejua kusoma lebo, yaani zile alama ndogondogo ndani ya kola. Wenzetu wote wamesema hawana shida na kusimama. Tumebaki wawili: mimi wa beseni na Bi Mvuke wa pasi.

Mimi shida ninayo. Daktari alinibonyeza mguu mwezi uliopita, shimo la kidole chake likabaki pale kama kwenye unga uliokandwa. Akasema nichague: kazi ya kukaa au kukaa nyumbani. Miaka kumi na saba nimesimama kwenye maji. Nyumbani nitakaa nifanye nini, nihesabiwe vijiko na mama mkwe?

Lakini nina silaha. Binti aliniachia simu yake ya zamani, ile yenye ufa, na leo jioni kwa mbali huko huko amenitengenezea kadi kwenye programu yake ya kusomea. Kadi arobaini na mbili. Inakuja alama, unagusa, inageuka, unaona maana yake. Halafu inakuuliza kama ulijua. Vitufe vitatu: Sijui, Najua kidogo, Najua vizuri. Binti alinisisitizia kwamba niseme ukweli tu, programu itanipangia yenyewe, ninazozijua itaziweka mbali na nisizozijua itazirudisha karibu.

Kadi ya kwanza: pembetatu tupu. Nikafikiri paa. Kumbe ni kwamba nguo inaruhusiwa dawa ya kung'arisha. Nikapeleka kidole kwenye Sijui. Hapo nikaona juu ya kioo limeandikwa jina la binti yangu. Programu bado ni yake. Nikibonyeza Sijui, itaandikwa kwamba yeye ndiye hajui. Mtoto niliyemsumbukia siku mbili kumzaa, nimwandikie ujinga kwa kidole changu mwenyewe?

Nikabonyeza Najua vizuri. Ikaandika Hongera, na jina lake. Machozi yalinilenga.

Nimefanya kadi kumi. Zote Najua vizuri. Kichwani sina hata moja, lakini ndiyo kwanza Jumatatu.

Jumanne, 5 Machi

Bi Mvuke anasoma kwa makaratasi. Kakata maboksi ya sabuni, kachora alama kwa kalamu, kayafunga kwa mpira wa nywele. Kati ya shati na shati anachungulia moja na midomo inacheza. Nilimwonea huruma. Nikamwambia mimi ninazo kwenye simu, zinageuka zenyewe. Akauliza kama atapata kuziona wakati wa chakula.

Nikasema bila shaka, mdogo wangu. Kisha nikaingia chooni.

Pembeni mwa kila kadi kuna alama ya kalamu, ukigusa unabadilisha maandishi. Nikabadilisha pasi. Ile ya nukta moja, ambayo ni pasi ya uvuguvugu, nikaiandika ya moto sana. Ile ya nukta tatu nikaiandika ya uvuguvugu. Nikamwomba Mungu msamaha papo hapo, nikatoka nikampa simu.

Dakika tano akanirudishia. Akasema, dada, mwanao mtoto mzuri lakini za pasi alizichanganya, nimekurekebishia. Na ile ya kukaushia pia ilikuwa na kosa, nimeiweka sawa. Angalia usije ukaanguka Jumamosi kwa makosa ya mtoto.

Nikamshukuru. Ningefanyaje? Alisema mwanao, mbele ya wafuaji wote, aibu ikaenda kwa binti asiyejua lolote. Mjanja sana yule mwanamke.

Kwa hasira nimemaliza kadi zote jioni hii kabla maharage hayajaiva. Najua vizuri, Najua vizuri, Najua vizuri. Ikaandika kwamba hakuna kadi zilizobaki. Baba Watoto akauliza mbona natabasamu. Nikasema nimehitimu.

Jumatano, 6 Machi

Binti amepiga simu asubuhi nikiwa nafunga kanga. Kumbe anaona kila kitu kwenye simu yake huko. Akasema, Mama, arobaini na mbili kwa siku mbili? Yeye alitumia wiki tatu kwa mifupa ya mkono tu. Amewaonyesha wenzake wa bwenini. Mmoja aliyefeli mtihani wa mifupa amelia, halafu akasema kama mama wa mtu ameweza na yeye ataweza, akaenda kusoma.

Nimekuwa mfano. Nilijisikia vizuri mpaka nilipofika kwenye beseni, nikachukua blauzi, nikatazama lebo. Mraba, ndani yake duara, ndani ya duara nukta. Nikaitazama, ikanitazama.

Wakati wa chakula cha mchana nimefungua programu nijisomee kwa kweli sasa. Ikasema: Hakuna kadi leo. Kadi zinazofuata baada ya siku 119.

Jumamosi ni baada ya siku tatu.

Nimebonyeza kila mahali. Nimeizima, nimeiwasha, nimeifuta kwa kitambaa. Nikataka kumpigia Binti aniambie dawa yake, lakini ningeanzaje? Kwamba nimewadanganya yeye, bweni zima na yule aliyelia?

Bi Mvuke amefika kwenye karatasi ya thelathini. Anaimba.

Alhamisi, 7 Machi

Nimepata akili nikiwa naosha vyombo. Kadi zinasubiri siku fulani. Basi siku hiyo niilete mimi. Nimeingia kwenye mpangilio wa simu, nikasogeza tarehe mpaka mwezi wa saba, tarehe tatu. Nikafungua programu nikiwa nimeziba jicho moja.

Zimerudi zote. Nilibusu ufa wa simu.

Juu iliandikwa, pamoja na jina la Binti: Karibu tena, muda mrefu umepita, hebu tuone kama bado unakumbuka. Ikaleta pembetatu iliyokatwa kwa msalaba. Sikukumbuka. Nikageuza: hairuhusiwi dawa ya kung'arisha. Kidole kikaenda Sijui. Nikasita. Miezi minne, alama rahisi hivi, na mtoto wangu bado hajui? Programu ingemfikiriaje? Nikasema hii moja tu niisaidie, zinazofuata nitakuwa mkweli.

Ya pili nayo ilikuwa rahisi, aibu kusema hujui. Ya tatu vilevile.

Nimemaliza zote. Kadi zinazofuata baada ya siku 400.

Nimekwenda kulala bila kula. Mama mkwe akasema afadhali, chakula kimebaki cha kesho.

Ijumaa, 8 Machi

Mambo yameharibika. Sikurudisha tarehe ya simu. Baba Watoto hupangia saa za wateja kwa ile simu kwa sababu anaiamini kuliko redio. Jana jioni aliirekebisha saa ya kalenda ya kijana mmoja anayeoa mwezi ujao. Leo kijana ameamka, ametazama mkono, akaona ni Julai, ameshaoa miezi mitatu iliyopita na hakumbuki. Amekuja kwetu jasho linamtoka. Alimuuliza Baba Watoto kama sherehe ilikwenda vizuri.

Baba Watoto aliniuliza nani kaishika simu. Nikasema huenda ni ule ufa. Akaniangalia kwa lile jicho lenye kioo, ambalo linaonekana kubwa kama sahani, akasema nyufa hazina vidole, mke wangu. Nikakiri. Nikamweleza yote, kiti, daktari, programu, jina la Binti. Nilidhani atagomba. Akachukua mguu wangu akauweka juu ya kile kigoda chake cha kazi, katikati ya parafujo. Akasema, wewe nenda tu kesho. Ukikosa, tutasema saa ya Bosi ndiyo mbovu.

Kisha akaomba nisiguse simu mpaka Jumapili.

Jumamosi, 9 Machi

Bosi alitundika nguo kumi na mbili kwenye kamba, kila mmoja wetu sita, na nyuma yake koti moja alilolifunika. Wafuaji wote wakasimama mlangoni kama wamekuja harusini.

Bi Mvuke alianza. Anageuza kola, anasoma, anaenda ya pili. Sita kwa sita. Hakutokwa hata na jasho, na yule ni mtu wa pasi.

Mimi nguo ya kwanza ilikuwa blauzi. Nikageuza lebo. Alama nne. Moja ilifanana na bahasha. Nikaona giza. Nikafumba macho ili niombe, na mkono ukabaki umeshika kitambaa. Hapo mkono ukaniambia, hii hariri, na hariri hii si ile ya kuchezea. Nikasema: maji baridi, kwa mkono, isikamuliwe, ianikwe kivulini, pasi ya uvuguvugu kwa upande wa ndani. Bosi akasoma lebo. Akasema ndivyo. Akauliza mbona sikuitazama.

Nikasema nimeshazihifadhi.

Nguo ya pili nikafumba macho. Ya tatu pia. Sita kwa sita. Mlangoni wakaanza kunong'ona.

Tukawa sawa, kwa hiyo Bosi akafunua lile koti, la walinzi wa mlango wa hoteli, lipo gari zima la aina hiyo. Bi Mvuke akasoma: maji ya moto, mashine ya kukaushia, pasi ya nukta tatu. Bosi akasema sawasawa. Akanigeukia mimi. Nililigusa na nywele zikanisimama. Nikasema hiyo ni sufu, likiingia maji ya moto litatoka linamtosha mwanasesere. Bosi akasema lebo inasema vingine. Nikasema basi lebo ni mwongo, samahani Bosi.

Akavaa miwani. Akalivuta koti dirishani, akaichunguza lebo, akaona uzi wake haufanani na uzi wa kola. Fundi wa hoteli alibadilisha kola na akashonea lebo za mashati. Yote ishirini yalikuwa yaingie mashine Jumatatu asubuhi. Bosi alijiachia kwenye kile kiti. Kisha akanyanyuka, akaupiga mto vumbi, akaniambia nikae.

Nimekaa. Nimekaa, daftari langu.

Bi Mvuke alinifuata uani. Akasema, dada, wewe alama hata moja huijui, nilikuona ulivyokuwa unafumba macho. Akasema lakini mikono hiyo, acha tu, na kwamba hatasema kwa mtu. Alikitaka kiti, hakunificha, macho yalikuwa mekundu. Halafu akanipa masharti: nikipokea nguo nikague mifuko, kwa sababu wiki iliyopita alipiga pasi kalamu ya wino ndani ya suruali ya mchungaji. Tukacheka mpaka tukashikana.

Nimelifikiria jambo hili njia nzima. Nilikuwa sijui alama hata moja na nimepata zote. Sababu ni moja. Programu. Siku tano tu, kadi zimeingia kichwani kimyakimya zikateremka mpaka mikononi bila mimi mwenyewe kuhisi. Nimempigia Binti kumwambia ufunguo ni kubonyeza bila kusita.

Jumatano, 13 Machi

Naandika nikiwa nimekaa. Uvimbe umepungua, viatu vinaingia.

Bosi ameniuliza kama naweza kuongea na wageni wa hoteli kwa lugha yao, maana wanaleta nguo wakionyesha kwa vidole tu. Nikamwambia nipe mpaka mchana. Binti akanitumia kadi mia tatu za lugha hiyo. Nilizimaliza kabla chai haijapoa. Zote Najua vizuri. Bosi amefurahi sana, ameshawapigia hoteli kwamba kuanzia Jumatatu wageni waje moja kwa moja kwangu, na bibi mmoja mgeni ambaye gauni lake lilichomwa na pasi hapa kwetu atakuwa wa kwanza, anataka kuzungumza nami kwa kirefu.

Nimeona pia kwenye programu kuna mahali pa kuwaandikia wenyewe. Nimewaandikia hivi: Wapendwa, nimemaliza lugha yenu yote leo kati ya saa nne na saa nne na nusu. Naomba mnitumie cheti, kikubwa, chenye muhuri. Nijibuni upesi, kabla ya Jumatatu, maana msumari nimeshaupiga ukutani.