Mtakatifu Roko Asitoke Kanisani Kabla Kidomo Changu Hakijafika

Torrefico, Jumatatu, tarehe 11 Agosti

Kwa Mheshimiwa Liborio Cassano,
Mwenyekiti wa Kamati ya Sikukuu ya Mtakatifu Roko

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe pamoja na goti lako. Mimi pia ni mzima, ukiondoa mdomo wa chini, ambao umevimba kwa sababu nitakazozieleza kwa adabu zote, kwani wewe ndiye uliyemshika binti yangu siku ya ubatizo wake, na sipendi ugomvi na jamaa.

Kama ujuavyo, mwaka jana sanamu ya Mtakatifu ilipokuwa ikiteremshwa ngazi za kanisa, kidomo cha saksofoni yangu ya soprano kiliniponyoka, na wabebaji wanane wakapita juu yake. Kilikuwa cha marehemu baba. Sikumlaumu mtu. Niliomba kingine tu, maana bila kile kipande cheusi cha kutia mdomoni, soprano ni bomba la shaba lenye vitufe. Ukanijibu mbele ya bendi nzima: "Vitantonio, tutakutafutia, ila kiwe cha bei ya kibinadamu." Nikakubali, na leo ninajuta. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kazi hiyo ulimkabidhi mhazini wetu, Ippazio. Ni mtu mwema, lakini anauza tumbaku. Katika lugha yetu kidomo cha saksofoni na kidomo cha kuvutia sigara ni neno moja, na Ippazio tangu azaliwe anajua maana moja tu. Akaniletea kijiboksi chenye utepe mwekundu, ndani yake kidomo cha sigara, kirefu, cha kuigiza pembe za ndovu. "Bei poa," akasema, "na utapendeza nacho, mzee." Nilikijaribu. Ndiyo, Mwenyekiti, nilikijaribu, kwa heshima ya kamati. Kilizama ndani ya saksofoni, tukaitikisa mpaka tambi zikapoa mezani.

2. Cha pili alikipata kwenye soko la Alhamisi, kati ya meza ya soksi na meza ya jibini. Hicho kilikuwa cha klarineti. Pompeo, mpiga klarineti wetu, alipokiona alicheka mpaka akashika ukuta: "Vipi, Vitantonio, umeanza kuitamani kazi yangu?" Nimelimeza neno hilo, ingawa ni Pompeo huyo huyo uliyemwahidi kipande changu cha muziki endapo Jumamosi nitakosea hata noti moja. Unakijua kipande chenyewe. Mlango wa kanisa unafunguliwa, bendi inanyamaza, soprano inabaki peke yake. Nimekipiga miaka ishirini na miwili, na kabla yangu alikipiga baba. Nasema bila aibu kwamba naogopa. Nikinyang'anywa hicho, sina kingine kinachowafanya watu wa Torrefico wanyamaze kunisikiliza, hata nyumbani kwangu.

3. Cha tatu, hatimaye, ni cha soprano kweli. Cha plastiki, yuro ishirini na nane. Hapa naomba usome polepole. Nimekijaribu kama inavyotakiwa: chumba kile kile, utete ule ule unaofungwa kwenye kidomo ili utetemeke, wimbo ule ule. Noti za chini zinakohoa. Za kati zinanung'unika. Ile ya juu kabisa, ambayo Mtakatifu huvukia nayo kizingiti, inapiga ukelele hata Bi Filomena wa ghorofa ya chini alipanda kuuliza: "Jamani, mnachinja nini humu?" Leo ni siku ya tisa. Wajuzi wa baa wananiambia nitie utete laini. Nimetia. Wananiambia nitafute chenye uwazi mdogo kwenye ncha. Sasa namba za uwazi kila fundi ana zake, sita ya huyu ni tatu ya yule, afadhali kununua viatu kwa simu.

4. Na asitokee mtu wa kusema kosa ni langu. Siku ile ile kilipofika hicho cha plastiki, binamu yangu Nunzio alikuja likizo kutoka Milano akaniazima chake kwa siku tatu. Kimechongwa kwa mkono, yuro mia tatu na arobaini. Noti ya kwanza tu, machozi yakanitoka. Mke wangu Incoronata aliacha biringani zikiungua, akaja kusimama mlangoni. Bi Filomena alifungua dirisha. Mpigaji ni yule yule, saksofoni ni ile ile, kilichobadilika ni yuro mia tatu na kumi na mbili. Hesabu hiyo hata Ippazio anaiweza.

Kwa hiyo naomba kamati ipunguze fataki kwa dakika mbili, na fedha hizo ziende Milano kwa fundi. Ikishindikana, chakula cha bendi siku hiyo kiwe mkate na zeituni badala ya mwanakondoo. Mimi niko tayari, wengine waulizeni.

Na kama kidomo hakitafika kabla ya Jumamosi, basi Mtakatifu Roko asitoke. Abaki ndani, yeye na mbwa wake aliyechongwa miguuni pake. Alivumilia tauni, wiki mbili kwenye kivuli hazitamshinda. Nimeshamwuliza Padri Eligio, naye akanijibu, "Vitantonio mwanangu, nenda nyumbani ukapumzike," jibu ambalo, ukilitazama vizuri, si kukataa.

Nakuaga kwa heshima yote iliyobaki mdomoni. Nisalimie mkeo, mama mkwe wako, wapiga ngoma wote, na Ippazio, ila asiniletee kitu kingine. Pompeo naye msalimie, kidogo.

Wako katika Mtakatifu,
Vitantonio Scarcelli
Soprano, mstari wa mbele

Nyongeza: Nilikuwa nimeshalamba bahasha simu ikalia. Ni Nunzio, kutoka kwake Milano, anawaka moto: "We Vitantonio, umenirudishia plastiki! Nimefungua kijiboksi leo, jina la fundi halipo!" Nikavaa miwani, nikachomoa kidomo kwenye saksofoni, nikakigeuza. Jina la fundi lipo. Incoronata akakumbuka kwamba siku ile ya kwanza alivichovya vyote viwili kwenye siki avisafishe, kabla sijapiga hata kimoja, kisha akarudisha kila kimoja "mahali pake". Maana yake kilichoniliza ni cha yuro ishirini na nane, na hiki nilichokohoa nacho siku tisa ndicho cha Milano. Nikakirudisha kwenye saksofoni, nikapiga tena ile noti ya juu, safari hii nikijua. Ikatoka safi kabisa. Bi Filomena amepiga makofi huko chini. Incoronata amecheka hata akakaa sakafuni, na bado hajainuka.

Basi Mtakatifu atoke tu, nitakuwa mlangoni. Nunzio anataka chake, na kile cha plastiki anakituma kwa basi, kitafika Ijumaa. Nakuomba, ndugu yangu, ukipokee wewe mwenyewe, unikabidhi mbele ya bendi, na utamke kwa sauti kwamba kimetoka Milano. Hutakuwa umesema uongo.