Mchovu Mmoja Kati ya Sitini na Watatu

Novatus Ntakije,
Kibarua, upande wa mbegu,
Kiwanda cha kuchambua pamba,
Bariadi.
Alhamisi.

Kwa Bwana Afya Laurean,
Bariadi.

YAH: KUANDIKWA PEKE YANGU KWENYE ORODHA YA UCHOVU SUGU

Ndugu Bwana Afya,

Kichwa cha habari hapo juu kinanihusu mimi. Nakuandikia kwa heshima na kwa kalamu ya kuazima, nimekaa juu ya gunia la mbegu za pamba wakati wa chakula. Shule niliishia darasa la sita, la saba nililiona dirishani tu. Kwa hiyo nikikosea adabu mahali, ujue ni elimu, si nia.

Wiki iliyopita ulikuja kiwandani kwetu kutupa semina ya Uchovu Sugu, Vyanzo Vyake na Njia za Asili za Kuudhibiti. Semina ilikuwa nzuri. Tuliisikiliza kwa masaa mawili tukiwa tumesimama juani, kisha ukatupima, ukaondoka, nasi tukayafidia yale masaa mawili kwa kubeba mpaka giza likaingia. Jumatatu hii majibu yakabandikwa ubaoni: waliopimwa sitini na watatu, wazima sitini na wawili, mwenye uchovu sugu mmoja. Huyo mmoja ni mimi.

Nyapara wetu, Masalu, aliyasoma kwa sauti mbele ya watu wote. Akasema, "Kumbe kazi haina tatizo. Mwenye tatizo ni huyu Muha." Akanipa mpaka Jumamosi niwe nimepona kwa njia zako za asili, la sivyo nafasi yangu anampa mwingine, maana getini kila asubuhi wapo wa kutosha. Kibarua hiki ndicho kinachowalisha mke wangu na watoto watatu kule Buhigwe. Leo ni Alhamisi na bado nimechoka. Malalamiko yangu ni haya.

1. Upimaji wenyewe. Ulisimama na Masalu ubavuni kwako, ukawa unamwita mtu mmoja mmoja na kumuuliza, "Habari yako bwana, unajisikiaje?" Wewe ni mtu wa Kagera, mimi Muha wa Kigoma, sote ni wageni hapa Usukumani, ila mimi huu ni msimu wa tatu. Kwa Wasukuma mtu akisalimiwa hajibu kwa shida zake. Anajibu "mhola duhu," yaani ni amani tu, hata kama anatoka kuzika. Hiyo ndiyo adabu. Baada ya hapo anakaa, anapewa maji, mnaongea mvua, mnaongea ng'ombe, halafu anakohoa kidogo na kusema, "Lakini..." Ukweli wa Msukuma unaanzia kwenye lakini. Wewe uliandika ukaondoka kabla ya lakini.

Chukua mfano wa Luhaga, mwenzangu wa kupandishiana magunia. Alikuwa amelala wima kwenye foleni. Zamu yake ilipofika nikamgusa kwa kiwiko, akafumbua macho, akasema "mhola duhu," ukamwandika mzima, akarudi kuegemea ukuta akaendelea na usingizi wake. Mimi kwetu mtu akiulizwa anajibu. Nikakujibu. Nilikutajia magoti, mgongo, kuamka nimechoka kuliko nilivyolala, na ile siku niliyosahau jina la mtoto wangu wa pili. Uliandika kurasa mbili. Nilifurahi, nikadhani nimepata mtu wa kunisikiliza.

2. Mazoezi. Kipeperushi chako ukurasa wa pili kinasema uchovu mwingine unatokana na kukaa sana, hivyo mtu atembee angalau nusu saa kila siku. Masalu anajua kusoma, Bwana Afya. Amekibandika kwenye nguzo na anakifuata kuliko wewe mwenyewe. Aliniita akaniambia, "Mimi si mtu mbaya, nataka upone." Akanitoa kwenye lori lililo karibu na mlango, akanipeleka kwenye rundo la mwisho kabisa kule ukutani, ili kila gunia niwe nimetembea nalo vizuri. Ilipofika saa nne asubuhi nikamkumbusha kwamba nusu saa yangu imeshapita siku nyingi. Akaniambia nikasome tena, pameandikwa "angalau."

3. Maji, glasi nane kwa siku. Pipa letu liko karibu na ofisi, na kikombe kimefungwa kwa kamba fupi ili kisiibiwe, kwa hiyo unakunywa umeinama kama ndama. Nilikunywa zote nane. Sasa, zikiingia nane lazima zitoke, na choo kiko nyuma ya ghala la mwisho. Siku ya kwanza nilikwenda mara tisa, sijui hiyo ya tisa ilitoka wapi. Wenzangu wakaanza kuniita Mto Simiyu. Luhaga akawakatalia, akasema, "Msiusingizie mto, mto wa Simiyu kiangazi unakauka." Masalu hakucheka. Aliandika safari zote tisa kwenye daftari kuwa ni kutoroka kazini.

4. Usingizi. Umeagiza masaa manane katika chumba chenye giza na utulivu. Giza ninalo, umeme haujafika chumbani kwangu. Utulivu ndio tatizo, kwa sababu ukuta wangu mmoja ni wa mashine ya kusaga. Katika Bariadi nzima nimeona mahali pamoja tu penye giza na utulivu, ndani ya lundo la pamba nyuzi, ile iliyokwisha kutolewa mbegu. Juzi wakati wa chakula nikajilaza pale kidogo. Bwana Afya, tangu nibatizwe sijawahi kulala vile. Nilizinduliwa kwa ncha ya buti. Nikamwonyesha Masalu ile nguzo yenye kipeperushi chako. Akaenda, akasoma kwa makini, akarudi kuniambia kwamba mtaalamu ameagiza masaa manane na mimi nimelala dakika arobaini, kwa hiyo ule haukuwa usingizi wa tiba, ulikuwa uzembe.

5. Mlonge. Kijiko cha majani asubuhi, kijiko jioni. Mama Kija, mwenye nyumba wangu, ana mti mmoja wa mlonge uani. Kijiko kimoja sikuona kinafanya kitu, nikaenda viwili, nikaenda konzi, na sasa mti umebaki kama mwavuli uliochanika kitambaa. Tumbo langu nalo halikukubaliana na konzi, jambo ambalo limeathiri tena kifungu namba tatu hapo juu. Mama Kija aliuangalia mti, akaniangalia mimi, akasema, "Ng'wanawane, mwanangu, mti huu ulikuwa unatibu mtaa mzima. Wewe umeumaliza peke yako na bado unaburuza miguu. Wewe huumwi. Wewe umetumika. Jembe likiisha, baba, nani analipeleka hospitali?" Sijui kama huu ni ushauri wa kitaalamu, lakini hakunidai majani.

6. Mawazo. Umeandika tuepuke watu na mambo yanayotuletea mawazo. Anayeniletea mawazo kuliko wote ni mke wangu Anyes, kwa sababu yeye ndiye anayekaa na shida za nyumbani. Nikampigia simu, nikamweleza kwamba kwa ushauri wa mtaalamu asinieleze shida yoyote mpaka Jumamosi. Akauliza, "Huyo mtaalamu ni mwanamke?" Nikamwambia ni mwanamume, tena mtu mzima wa Kagera. Akasema, "Basi mwambie na mimi nimechoka. Mimi nimwepuke nani?" Kisha mtoto mmoja akalia, naye Anyes akakata simu. Nina mawazo mengi kuliko kabla ya kuyaepuka.

7. Hesabu. Utaalamu sina, ila kujumlisha na kugawanya nilifundishwa kwa fimbo. Wiki ile uliyotupima tulipakia malori kumi na moja ya mbegu, na marobota ya pamba hayana hesabu. Kama tuliofanya kazi ni sitini na watatu na aliyechoka ni mmoja, maelezo ni mawili tu. Ama malori yote kumi na moja niliyapakia mimi, hawa wengine wakinitazama. Ama uchovu ni ugonjwa wa kuambukiza niliotoka nao Kigoma. Kama ni la kwanza, naomba cheti chenye muhuri. Kama ni la pili, naomba nitengwe haraka kwa usalama wa wengine, katika chumba chenye kitanda, niletewe chakula mlangoni, kama inavyofanyika kwa magonjwa ya namna hiyo. Ofisi yako ichague. Mimi nitashukuru kwa lolote.

Pamoja na kejeli hiyo, naomba uniamini kwamba silalamiki kwa ajili yangu peke yangu. Jana tulikaa na Luhaga nyuma ya ghala tukila michembe yake, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Tuliongea mvua, tuliongea ng'ombe wa baba yake kule Sapiwi, halafu akakohoa. Akasema, "Lakini Novatus, siku hizi hata kijiko nakiona kizito. Nikishuka kwenye ubao wa lori sioni chini. Usimwambie mtu." Huyu ndiye uliyemwandika mzima. Na nimeanza kuwachunguza wengine. Yupo anayesali Baba Yetu kabla ya kila gunia. Yupo ambaye siku hizi anavua shati kwa kusaidiwa. Bwana Afya, wote sitini na wawili wamechoka. Kinachowazuia kusema ni adabu, na yule aliyesimama ubavuni kwako.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, tena kabla ya Jumamosi:

Kwanza, uje utupime upya, bila Masalu, na usisalimie. Kama huwezi kuacha kusalimia, basi kaa chini, kunywa maji, sifia ng'ombe, na usiishike kalamu mpaka usikie lakini.

Pili, kama huna muda wa kusubiri lakini, mpime mtu akiwa katikati ya ubao wa kupandia lori na gunia mgongoni. Pale hakuna Msukuma wala Muha, na adabu inabaki chini.

Tatu, kama hilo nalo litashindikana na ofisi ikashikilia kwamba uchovu uliopo kiwandani ni wangu tu, naomba ugawanywe sawa kwa watu sitini na watatu. Nimekadiria kila mmoja atapata kidogo sana, kama chumvi ya chungu cha msiba, hata hatausikia. Nami nitabaki na fungu langu halali na kufanya kazi.

Nne, Masalu apewe wiki moja ya kutekeleza kipeperushi yeye mwenyewe, kifungu kwa kifungu, pamoja na mlonge. Mti atafute wake.

Tano, ikiwa yote haya ni mazito, basi kipeperushi kichapwe upya. Kwenye vyanzo liandikwe neno moja, mzigo, na kwenye njia za asili liandikwe neno moja, kuutua. Karatasi itakayobaki mtufungie maandazi.

Naomba unisalimie mama wa nyumbani kwako, na wenzako wote wa ofisini, na dereva wako aliyelala ndani ya gari semina nzima, nilimwona na sikumwonea wivu sana. Nasikia semina hii inaendelea Nyalikungu na Nyashimo. Wasalimie vibarua wa huko, na kabla hujaanza kuwaeleza habari za kupumzika, waambie wakae.

Wako katika kubeba,
Novatus Ntakije,
mgonjwa wako pekee.

NYONGEZA, Ijumaa. Bwana Afya, barua hii jana ilikosa mtu wa kuileta, na namshukuru Mungu ilikosa. Jana jioni karani wa mizani, dada Anjela, alikwenda likizo ya uzazi. Meneja akauliza ni nani anayeweza kutolewa kwenye mzigo bila mzigo kupungua. Masalu akamjibu, "Mpe yule mgonjwa wa Bwana Afya. Si ana karatasi?" Tangu asubuhi niko kwenye kibanda cha mizani. Kazi ni kuandika namba za malori yanayoingia na kutoka. Kuna kivuli, na kuna kiti chenye mgongo. Habari za Jumamosi hakuna anayezitaja tena.

Kiti ni kimoja.

Kwa hiyo naomba malalamiko yote saba uyafute, pamoja na maombi yote matano. Kipeperushi ni kizuri, kibaki kilivyo. Usije kutupima tena, utajichosha bure na safari ni ndefu. Upimaji wako ulikuwa wa kitaalamu kabisa, na jina langu libaki ubaoni peke yake, pasiongezwe mtu. Yale niliyoandika juu ya Luhaga ni maneno ya mtu aliyekuwa hajapumzika. Wenzangu ni wazima, wote sitini na wawili. Nawaona vizuri kutoka hapa nilipokaa.