Wanaomwonea Lydia

Jumatatu, 10 Machi 2008. Woolwich.
Lydia hajala tena. Kila asubuhi ya shule tumbo linamuuma, Jumamosi haliumi kabisa! Shule imetuma karatasi: mtoto akiwa hivyo, huenda anaonewa na wenzake. Mama Lydia, nesi, anajua kila kitu, akaniambia nikae na mtoto nimsikilize. Nimsikilize? Mimi ni mtu wa vitendo. Nikampa hotuba juu ya ujasiri. Naogopa, jamani. Ana miaka tisa.

Jumanne, 11 Machi.
Mshukiwa nimempata! Jaya, anayesoma shule moja na Lydia, binti ya Hemant mwenye duka pale sokoni. Ushahidi: Hemant hupima mchele kidole kikiwa juu ya mizani. Mtu kama huyo atazaa mtoto gani? Nikajificha nje ya ua wa shule, kofia na miwani ya jua, nimnase Jaya. Mvua kubwa. Mlinzi akauliza ninamchungulia nani. Nikatoka mbio!

Jumatano, 12 Machi.
Barua ya shule: wazazi wajihadhari, mwanamume wa miwani ameonekana nje ya ua. Mama Lydia ameniomba niwe macho. Nimeahidi.

Jioni nikamvaa Hemant mbele ya wateja. Nikafoka mpaka koo likawasha. Yeye mzaliwa wa Mombasa, Kiswahili chake kinashinda changu. Akasema taratibu, Baba Lydia, Jaya ndiye pekee anayekaa na mtoto wako wakati wa chakula. Alidhani najua. Aibu! Nikanunua unga nisiouhitaji.

Alhamisi, 13 Machi.
Mafua. Sauti imekauka kabisa. Nikaketi kitandani kwa Lydia, kimya, kwa kukosa la kufanya. Halafu akaanza mwenyewe: wasichana wawili wa darasa lake humwaga chakula chake kwenye pipa, humvuta nywele, juzi walimfungia chooni. Nikamuuliza kwa kalamu mbona hakusema. Akasema huwa simwachi amalize. Nililia.

Ijumaa, 14 Machi.
Tumekwenda shule sote. Mwalimu mkuu ameandika yote, na wazazi wa wale wawili wameitwa. Lydia amekula sahani mbili!

Jumatatu, 17 Machi.
Nimetafakari siri ya ushindi. Ni ile miwani! Wale wasichana waliniona nje ya ua wakaingiwa na hofu.

Sauti imerudi, Mungu ni mwema. Jioni Lydia akaja mwenyewe, akasema kuna jambo jingine la shule linamsumbua. Nikamwambia atulie, Baba yupo. Nimezungumza saa moja na nusu. Jambo lenyewe sikulisikia, lakini nadhani nimelitatua.