Obokano ya Babu na Mtungi wa Nyanya

Ijumaa, 1 Juni 1951

Leo naanza shajara, na naapa kuandika kila kitu, hata yale ya kunifedhehesha.

Habari kubwa! Alhamisi ijayo Bwana Opondo anakuja kutoka Kisumu na mashine ya kunasa sauti. Kwaya yetu ya wasichana ikimridhisha, atatutia kwenye santuri. Santuri! Watu wa Keroka watatusikia dukani wakinunua chumvi.

Tatizo ni moja, nalo ni mimi. Siwezi kuimba. Mwalimu Adoyo amesema kwa upole kwamba sauti yangu ina bidii. Bathsheba, kiongozi wa kwaya, amesema hata mlango wa jikoni una bidii. Wote wakacheka. Nikacheka pia, kwa adabu.

Lakini nina mpango. Bwana Opondo ameandika kwamba kwaya za wasichana husikika nyembamba kama sindano. Zinahitaji sauti nzito chini yake. Na Babu yangu Ondieki ana obokano, kinubi kikubwa cha kwetu! Nyuzi nane, ngozi ya ng'ombe, mngurumo unaoingia tumboni kabla ya kufika masikioni. Mwalimu amekubali Babu aje. Sauti nzito ikisikika, nitasimama na kwaya mbele ya mashine. Isiposikika, nitachunga viatu wanavyovua waimbaji mlangoni.

Jumapili, 3 Juni

Mazoezi. Wasichana thelathini, obokano moja. Bathsheba aliuliza kama Babu ameshaanza kupiga. Babu aliuliza kama wasichana hawawezi kuimba polepole, kwani hakuna nyumba inayoungua.

Nikaleta debe la maji, nikalipindua, nikaiweka obokano juu yake. Sauti ilikua! Bahati mbaya ilikuwa sauti ya debe. Hata mbwa wa shule aliondoka. Mwalimu aliomba debe lirudi kisimani.

Jumanne, 5 Juni

Tumeimba harusini. Nilikuwa nimefikiri sana: kitu chepesi hutoa sauti nyepesi, basi kitu kizito je? Mjomba Makori, mchongaji wa Tabaka, alinitumia bamba la jiwe. Dereva wa lori lililolileta alinong'ona akiuliza nani amefariki.

Obokano ilipowekwa juu yake, jiwe lilimeza sauti yote. Babu alipiga nyimbo nne, na bibi harusi akamwuliza kwa heshima kwa nini anakuna ngozi. Kisha jiwe likateleza, likaangukia kidole cha mguu cha Bathsheba. Alitoa sauti ya juu kuliko zote za mwaka huu.

Nilisikitika. Niliapa kuandika kila kitu: nilifurahi kidogo pia.

Jumatano, 6 Juni

Nimepata! Mtungi wa Nyanya, ule wa pombe ya wazee! Unanifika juu ya magoti. Niliingiza kichwa mdomoni mwake nikasema jina langu, Kwamboka. Likarudi kama limetajwa na chifu.

Shule yetu ni ya misheni na pombe hairuhusiwi hata kwa harufu, kwa hiyo niliuosha mara tatu. Nyanya aliuliza naupeleka wapi. Nikamwambia ni wa elimu. Akasema elimu ya siku hizi ina kiu kubwa.

Nilipita sokoni na mtungi kichwani, Babu akifuata na obokano mgongoni. Sijawahi kusalimiwa vizuri hivyo! Mzee Zachariah alitoka kabisa kwenye kivuli kuuliza tunakwenda wapi. Nikamjibu kwa heshima: shuleni, Babu atapiga kesho, saa nne asubuhi. Alinishika mikono miwili, akaniombea baraka. Watu wema sana.

Alhamisi, 7 Juni

Sijui nianzie wapi.

Niliegemeza obokano ubavuni mwa mtungi. Babu alipogusa uzi wa kwanza, vioo vya madirisha viliitikia. Mwalimu alitabasamu. Nikasimama mstari wa tatu, miguu mitupu kama waimbaji wengine! Bwana Opondo akainua kidole, utepe ukaanza kuzunguka.

Ubeti wa pili, wazee tisa wakaingia. Kila mmoja na mrija wake mrefu. Nilikuwa nimesahau jambo ambalo hata mtoto mchanga wa kwetu analijua: obokano na mtungi vikiwa pamoja, kuna pombe, na hakuna anayesubiri kualikwa. Waliketi kuuzunguka, wakatumbukiza mirija. Wakavuta.

Wakavuta tena.

Mzee Zachariah akatamka, "Ondieki, ndugu yangu, umetupikia upepo?"

Babu hakatizi wimbo katikati. Alimjibu kwa kuimba: habari za mjukuu aliyebeba mtungi mtupu kupita Keroka nzima kama anabeba bibi harusi. Wazee wakaitikia, wakigonga mirija kwenye mtungi. Kwaya ikanyamaza. Mimi nikapiga kelele, "Hakuna pombe, wazee wangu! Ni wa sauti tu!" Wakaitikia na hilo. Nikarudia. Wakaitikia tena!

Bwana Opondo hakuizima mashine. Mabega yake yalikuwa yakitikisika.

Mwalimu amesema nitachunga viatu mpaka aniambie vinginevyo.

Jumapili, 10 Juni

Bwana Opondo amemwandikia Mwalimu kutoka Kisii mjini. Amechagua wimbo mmoja tu kwa santuri: wa Babu na wazee. Kwaya labda mwakani. Bathsheba alilia, nikampa leso yangu. Leso safi.

Halafu Mwalimu akasoma mstari wa mwisho, polepole, kama anameza kwinini. Sauti ya msichana anayewajibu wazee isikatwe. Ndiyo inayoushika wimbo.

Ni mimi! Katika shule nzima, mimi peke yangu ndimi niliyemo kwenye santuri!

Mwalimu alisema anatumaini nimejifunza jambo. Nikamwambia nimejifunza mengi. Nikaenda moja kwa moja kuandika barua, na ninainakili hapa ili nisifiche kitu:

"Bwana Opondo mpendwa, asante. Kwa ajili ya kwaya mwakani, Nyanya anao mtungi mwingine, mkubwa maradufu. Tafadhali nijibu kwa posta inayorudi: niulete ukiwa mtupu, au wazee wataimba vizuri zaidi ukiwa umejaa?"