Chatu wa Nyumba Amekataa Chakula

Jumatatu, 3 Juni
Binti yangu Sènami hajala. Ijumaa anakwenda Cotonou kuwaonyesha watu wa bima ramani yake ya mafuriko. Wakiipenda, kazi ni yake. Lakini kompyuta haichori! Imekosa maktaba, eti. Nikasema akaazime ya misheni. Kumbe maktaba hiyo haina kitabu hata kimoja! Ni kazi waliyokwisha kuandika wengine, unaipachika kwenye yako.

Jumanne, 4 Juni
Mama Finagnon kaja kununua akassa, ugali wangu wa mahindi yaliyochachuka, na kunichoma roho. Mwanawe naye kaitwa Ijumaa, yake tayari. Wako bado, shoga? Nimemfungia akassa ndogo.

Sènami kanieleza. Lugha anayoiandikia kompyuta inaitwa Chatu. Nikaruka! Chatu kaingia kwangu, hapa Ouidah tunakomheshimu kama mzee wa ukoo, na hakuna aliyeniambia nimkaribishe! Maktaba ndizo vyakula vyake, navyo vina njia mbili. Ghala la kompyuta yenyewe: vya zamani, lakini vinapatana. Soko la Chatu: vipya, ila vikichanganywa na vya ghalani, ugomvi. Anayoitaka ghalani imepitwa na wakati. Kwa hiyo atamjengea chatu wa pili chumba chake, amlishe vya sokoni humo. Wa nyumba, yule aliyekuja na kompyuta, usimguse, Mama, kompyuta nzima inamtegemea. Nimguse? Mimi? Wazee wangu wangenionaje!

Jumatano, 5 Juni
Sènami yuko kwaya. Chumba kitajengwa lini, na Ijumaa hiyo inakuja? Nimepeleka kompyuta kwa fundi Bienvenu. Nikamwambia achukue kote, ghalani na sokoni. Mtoto wangu asipungukiwe! Kompyuta ikakataa. Bienvenu akakuna kichwa: Mama, inasema chatu wa nyumba halishwi vya nje, tukilazimisha tutavunja. Nikamcheka. Mgeni mwenye adabu hukataa sahani ya kwanza. Lazimisha, mwanangu!

Alhamisi, 6 Juni
Kioo cheusi. Mama, umefanya nini? Sikumgusa, nimemlisha tu! Sènami akakaa sakafuni, machozi yakamtoka bila sauti. Afadhali angenipigia kelele. Nikakaanga viazi vikuu. Vikapoa.

Kazi yake alikuwa ameiweka akiba mahali pengine, Mungu mkubwa. Kaisafisha kompyuta yote, kaanza upya. Chatu wa nyumba kaachwa na vya ghalani. Wa pili kajengewa chumba. Ramani ikachorwa! Nami nililia, lakini kwa sauti.

Ijumaa, 7 Juni
Kapata! Finagnon naye kapata. Mama Finagnon kanikumbatia hadi mbavu zikalia. Nami nikambana vilevile.

Jumamosi, 8 Juni
Sènami kaniapisha kwa roho ya baba yake: sitaigusa tena kompyuta. Nimeapa, na kwa moyo mweupe.

Nikamuuliza tu, huyo chatu wa pili anaishi vipi humo. Peke yake, Mama, hamwoni hata mwenzake. Peke yake! Kiumbe wa watu, aliyetupatia kazi! Chakula hakikushuka.

Kesho Sènami akiwa kanisani, Bienvenu atakuja kutoboa mlango kati ya vyumba viwili. Mimi sitagusa kitu. Nitaelekeza tu.