Siku Tatu za Mgomo wa Mwendwa wa Landless

Sogeeni, enyi waungwana wa viti na enyi waungwana wa ndoo zilizopinduliwa! Zimeni redio, epueni sufuria, isije ikaungua mkasema nimewaunguzia mimi. Wenzangu wamewasimulia vita vya wafalme na ngome zilizoanguka, nanyi mkapiga makofi. Mimi nimewaletea jambo zito kuliko hayo: jinsi Mwendwa mwana wa Kyengo, simba wa miezi saba, mwenye jino moja na upara wa heshima, alivyoligomea ziwa la mamake, na jinsi dola nzima ya chumba nambari sita ilivyotikisika mpaka kwenye misumari ya mabati. Aonaye kwamba habari za kunyonya ni ndogo na aende zake salama, ila akumbuke kwamba yeye naye hakuzaliwa akila githeri.

Chumba nambari sita ki katika ploti moja ya vyumba vya kupanga pale mtaa wa Landless, mjini Thika, baina ya kinu cha kusaga unga na kanisa la mabati lenye vipaza sauti vinne na waumini kumi na mmoja. Humo alikaa Ndila binti Nzioki, mamake Mwendwa, mwenye vidole vyepesi, mchambuaji wa njugu za makadamia kiwandani. Alfajiri alimnyonyesha mwanawe akaenda kazini. Mchana alijikamua chooni, chupa mkononi, mguu mmoja ukizuia mlango usifunguliwe. Jioni alirudi mbio, na Mwendwa akimwona tu alirusha mikono yote miwili. Saa hiyo moja ndiyo iliyomfanya Ndila avumilie zile nyingine zote.

Mtoto mchana alilelewa na Susu, nyanya yake, mamake Kyengo, aliyeshuka kutoka Matuu na mikoba mitatu na maoni yasiyo na idadi. Naye Kyengo mwenyewe alikuwa askari wa lango la supamaketi, amiri wa filimbi, mpekuzi wa mikoba, mtu ambaye wateja wote walimtii, akirudi nyumbani akamtii mamake, ambaye kwa Kikamba alimwita Mwaitu.

Basi jioni ya Jumatano jino lile, lililochomoza asubuhi bila kutangaza vita, likashuka kwa nguvu zake zote juu ya ziwa la kushoto la Ndila. Ndila akapiga ukemi. Sisemi alilalamika, nasema alipiga ukemi hata kinu cha unga kikanyamaza, na mchungaji wa vipaza sauti akasema amina bila kujua ya nini. Mwendwa akaachia. Akamtazama mamake kama anayemwona leo, midomo ikatetemeka, akaangua kilio. Kuanzia hapo kila alipoonyeshwa ziwa alipinda mgongo, akageuza uso ukutani, akapiga mateke.

Na maziwa hakuyakataa, la! Yaleyale yaliyotoka kwa Ndila, yakiletwa kwa kikombe, aliyanywa akalamba mdomo. Mteja aliipenda bidhaa, aliligomea duka. Ziwa likajaa, likawa gumu, likauma. Lakini kilichomuuma Ndila zaidi ni ule uso ulioelekea ukutani. Katika dunia hii mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa hajawahi kumlalamikia, na sasa hata huyo alikuwa amemchoka.

Alhamisi akaomba ruhusa, akambeba mpaka kliniki. Sista Dianah, muuguzi mwenye foleni ya kina mama thelathini, akamkagua mtoto, akacheka kidogo.

"Mama, ulimshtua tu. Usimlazimishe. Endelea kukamua, mpe kwa kikombe. Akisinzia, kukiwa kimya, mlaze kifuani, ngozi kwa ngozi, umwache aamue mwenyewe. Atarudi."

Dakika nne, kwisha. Ndila akarudi na ushauri huo, akauweka mbele ya baraza kuu.

"Hakukupa dawa?" akauliza Susu.

"Hapana."

"Hata sindano? Hata dawa ya maji, ya kupima kwa kifuniko?"

"Alisema tumpe nafasi, Susu."

"Nafasi!" Susu akalitema neno hilo. Ushauri wa bure, usio na chupa wala karatasi, ulikuwa umekufa kabla haujakaribishwa kiti.

Kisha Susu akasimama katikati ya chumba, mkono mmoja kiunoni, akahutubu kama anayehutubia kaunti ndogo nzima ya Yatta:

"Nisikilizeni, nyinyi mliozaliwa juzi! Mimi nimezaa saba, na wote wanatembea. Maziwa haya hayana kosa yakiwa kule kiwandani. Kosa ni njia! Mwanamke anatoka kazini jua bado kali, anatembea nayo kifuani mpaka hapa, yanapigwa na jua, yanachacha. Mtoto si mjinga!"

"Lakini Susu, yako ndani," akasema Ndila.

"Hata ya ng'ombe hutoka ndani."

Ndila alitaka kuuliza mbona yale ya chupa, yaliyopigwa na jua lilelile, hayakuchacha. Akalimeza swali lake, kwa maana mkaza mwana mwenye adabu humeza mengi kuliko mtoto. Ikaamriwa kwamba kila atokapo kazini asimame nje ya mlango, ayakamue matone ya kwanza juu ya jivu, ndipo aingie. Akaanza jioni ileile, ingawa siku hiyo kazini hakwenda, mbele ya majirani, jivu kwenye kifuniko cha sufuria.

Ndipo akaingia Wakonyo wa chumba nambari tano, muuza mitumba, mshauri wa ploti asiyeitwa na asiyekosekana. "Ngai! Jivu la nini? Hiyo ni sabuni! Mtoto amesikia harufu ya mtu mwingine. Mimi wa kwangu alikataa hivi hivi, kumbe nilikuwa nimebadilisha sabuni." Ndila akasuguliwa kwa maji matupu na dodoki mpaka ngozi ikawa nyekundu.

Kyengo naye, nani asiyemjua kwa mbinu? Ijumaa asubuhi alivaa dera la mkewe, akachomeka kikombe kifuani, akakaa kitandani na kumwita mwanawe kwa sauti nyembamba. Mwendwa akamtazama kwa utulivu mkubwa, akamvuta ndevu, akajamba.

Kisha ikawa ni mashambulizi. Ijumaa jioni, mara tatu, Susu alishika kichwa, Wakonyo akashika miguu, Kyengo akapuliza filimbi ya lango polepole ili kumchangamsha shujaa, na wote kwa pamoja wakamsukuma mtoto kwenye ziwa huku wakiimba. Mara tatu jeshi likarudishwa nyuma. Mwendwa alilia hadi sauti ikakauka. Ndila alilia pia, lakini hakuna aliyeshughulika naye, kwa kuwa yeye alikuwa uwanja wa vita tu.

Susu akajifuta jasho, akatoa hukumu. "Basi. Kesho, gari la saa tisa, naenda naye Matuu. Kuna mbuzi amezaa juzi. Wewe, Ndila, jikaushe maziwa, fanya kazi yako bila kukimbiakimbia. Utakuwa unakuja mwisho wa mwezi kumwona."

Ndila akamgeukia mumewe. Kyengo akavuta pumzi, akapanua kifua, akainua kidole kama mtu atakayesema maneno ya kuchongwa kwenye jiwe.

"Mwaitu amesema," akasema, akakitazama kiatu chake.

Jumamosi kiwanda hufunga mchana. Ndila alirudi akikimbia, na alipofika akauona mkoba wa Susu umekaa mlangoni, zipu haijafungwa vizuri, na ndani yake kofia ya sufu ya Mwendwa, fulana zake mbili na soksi. Jeshi lilikuwa limejipanga kwa shambulio la mwisho: Susu upande wa kichwa, Wakonyo upande wa miguu, Kyengo na filimbi yake mdomoni. Mwendwa, aliyekuwa anasinzia, alianza kulia alipowaona tu wanakusanyika.

Na hapo, enyi wasikilizaji, ndipo lilipotendeka tendo.

"Susu, tafadhali," akasema Ndila. "Tokeni. Nyote."

Tangu Wakamba wavuke mto Athi, sijui kama mkaza mwana aliwahi kumwambia mama mkwe wake neno hilo na wote wawili wakabaki wamesimama. Filimbi ikamdondoka Kyengo. Wakonyo akafunika mdomo kwa mikono miwili, vidole vikiachana vya kutosha ili asipitwe na lolote.

"Umesema?" akauliza Susu.

"Nimesema mtoke, Susu. Gari ni la saa tisa. Mpaka saa tisa bado ni wangu."

Wakatoka, kwa mshangao zaidi kuliko kwa utii. Ndila akausukuma mlango, akalishika komeo, chuma chenye kutu kisichofika urefu wa kidole, ambacho hakikuwahi kutumika mchana kwa sababu kwetu Landless mlango uliofungwa mchana ni tusi kwa ploti nzima. Likagoma. Akalipiga kwa kisigino cha mkono, likaingia. Miji mingi imetekwa kwa kelele ndogo kuliko ile.

Hakuimba. Alivua blauzi, akalala chali, akamweka mwanawe kifuani na nepi tu, wala hakumwonyesha chochote. Nje walikuwa wanabishana. Mwendwa akalia, akachoka, akacheza na mkufu wa mamake, akakwaruza shingo yake, akapiga miayo. Macho yakawa mazito. Ndipo, kwa uvivu wa mtu anayerudi kwake bila kutaka kuulizwa alikuwa wapi, akateremka kidogo kidogo, pua ikitafuta, akafungua mdomo, akashika.

Jino likamgusa Ndila. Akauma pembe ya leso, hakutoa sauti. Mwendwa akavuta, akameza, akavuta tena. Maziwa yakashuka kwa fujo, mpaka ziwa la pili likaloanisha godoro. Ndila akamwagikwa na machozi, yakaingia masikioni, na alikuwa na furaha ambayo hakujua aiweke wapi.

Nje ukimya ukamtia Kyengo hofu. "Mbona kimya? Navunja mlango!" akatangaza, akiwa ameshaingiza filimbi mdomoni.

Susu alikuwa ameweka sikio kwenye mbao. "Nyamaza, wewe. Anameza."

"Ni lile jivu," akanong'ona Wakonyo, tayari kugawana ushindi, "pamoja na sabuni yangu."

"Nendeni mkafue," akasema Susu.

Walipoondoka akazunguka mpaka dirishani, akasogeza pazia kwa kidole. Hakumtazama Ndila. Akafungua mkoba, akapitisha kati ya vyuma fulana ya kwanza, fulana ya pili, kofia, soksi moja, soksi nyingine.

"Kyengo aliligomea ziwa langu hivi hivi, akiwa na miezi minane," akasema kwa sauti ya chini, akiangalia kofia. "Mama mkwe wangu akaja na kikapu, akamchukua. Nilipompata tena mwanangu alikuwa anatembea, na alikuwa anamwita yeye mama." Akafunga zipu ya mkoba. "Nami nilikuwa na mlango, Ndila. Sikuthubutu kuufunga."

Basi na iandikwe, na wajukuu wa Thika wafundishwe, kwamba siku ya Jumamosi, saa nane na dakika ishirini mchana, Mwendwa mwana wa Kyengo alinyonya, la kushoto kisha la kulia, akacheua, akalala. Iandikwe pia kwamba amiri Kyengo aliwaeleza wateja wa lango jinsi alivyouongoza ushindi, na Wakonyo akawaeleza waliobaki. Wala hapakupigwa mizinga, kwa kuwa mtoto alikuwa amelala. Na gari la saa tisa likaenda Matuu likiwa na kiti kimoja kitupu, maana Susu alikuwa ameketi nje ya chumba nambari sita, mgongo kwenye mbao za mlango, akimrudisha kila aliyetaka kubisha hodi.